Minyoo bapa wa kwenye mashavu ya samaki: wanashikaje na misuli yao inafanya nini (maswali yanayoulizwa kila siku)

Mie kazi yangu ni kuangalia mashavu ya samaki kwenye hadubini hapa Mombasa, na maswali ni yale yale kila wiki, ya wafugaji, ya wanafunzi, na ya mama mmoja muuza samaki ambaye kila nikinunua kichwa cha chewa anataka kujua nakwenda kukifanya nini. Nimeyakusanya hapa. Ukiona "angalia swali la 12" nenda kaangalie, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Hawa minyoo ni wepi hasa? Ni wale warefu wa tumboni?

La, sio wale. Wale warefu unaowakuta ukipasua tumbo, wengi ni minyoo ya duara, ukoo mwingine kabisa. Hawa ni minyoo bapa wa kundi linaloitwa monojenia, na karibu wote wanaishi nje ya samaki: kwenye ngozi, kwenye mapezi, na zaidi kwenye mashavu, yale mekundu ambayo vitabuni wanaita matamvua. Hawahitaji konokono wala ndege wa kupitia kama minyoo wengine. Yai linaanguliwa, kinatoka kitoto chenye vinyweleo vya kuogelea, kinatafuta samaki, kikimpata kinavua vile vinyweleo na maisha yanaanza. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja.

2. Nikila samaki mwenye hao minyoo nitaugua?

Hapana. Hawakai ndani ya mwili wa binadamu, na hata hivyo mashavu watu wanayatoa na kutupa. Kula samaki wako.

3. Naweza kuwaona kwa macho?

Inategemea. Wale wa mashavu ya tilapia, kina Cichlidogyrus, wengi hawafiki hata milimita moja, bila hadubini huambulii kitu. Wale wakubwa wa ngozi ya samaki wa baharini, kina Benedenia na Neobenedenia, wanafika milimita 5 hivi, lakini wanapitisha mwanga kama kioo na wamelala bapa, utadhani ni gamba la samaki mwenyewe. Mtu anaweza kumshika samaki mkononi ana thelathini na asione hata mmoja, hadi awatie maji matamu (swali la 18).

Ukiona kidudu kina miguu, huyo sio mnyoo, huyo ni jamaa wa kamba na kaa. Na ruba ni mwengine pia.

4. Mbona maji hayawang'oi?

Hili ndilo swali lenyewe, na ukurasa wote huu ni jibu lake. Samaki anapitisha maji kwenye mashavu usiku na mchana, hapumziki, kwa hivyo mnyoo wa pale ni kama mtu aliyejenga mlangoni mwa pampu. Akiachia mara moja tu kashatoka. Watu wakiona picha za zile kulabu wanadhani kazi imekwisha, "ah, ana ndoano, ameshika." Sio hivyo. Ndoano bila mshipi na bila mkono wa kuuvuta haimpati samaki hata mmoja, uliza mvuvi yeyote pale Mji wa Kale. Kulabu ni nusu ya habari, nusu nyengine ni misuli.

## Vifaa vya kushikilia

5. Hapta ni kitu gani?

Ni mguu wake wa nyuma, tuseme hivyo. Mnyoo ameshika kwa mkia, kichwa kiko huru, kinazunguka huku na huku kutafuta cha kula. Ule mkia uliotanuka wenye vifaa vya kushikia ndio hapta. Sura ya hapta inabadilika kutoka kundi hadi kundi kuliko kiungo kingine chochote cha hawa wadudu, na wataalamu wanatumia hizo hizo sehemu ngumu kutambua ni aina gani, pamoja na zile za kiungo cha uzazi.

Kuna njia mbili kubwa. Kuna wanaoshika kwa kulabu, hao wanakula ngozi na ute. Na kuna wanaoshika kwa vibano, hao wengi wananyonya damu.

6. Nanga na vindoano si kitu kimoja?

Sio. Nanga ni zile kulabu kubwa za katikati, jozi moja au mbili. Vindoano ni vidogo sana, vimepangwa ukingoni mwa hapta, kwa kawaida 14 au 16. Kitoto kinazaliwa navyo vile vindoano, nanga mara nyingi zinakuja kukua baadaye.

Chukua Cichlidogyrus wa tilapia: nanga nne, vindoano 14, na katikati kuna vipande viwili vigumu vya kuziunganisha nanga, kimoja kimekaa kama herufi V, chengine kina masikio mawili kama ya sungura. Ukishayaona yale masikio mara moja hutayasahau.

Sasa kuna jambo linawachanganya watu. Kwa Gyrodactylus, wale wa ngozi, ungetegemea nanga kubwa ndizo zinazodunga. Kumbe vile vindoano 16 vya ukingoni ndivyo vinavyoingia kwenye ngozi na kushika, nanga zinakaa juu juu, kazi yake ni kuukaza mkia kama vijiti vinavyoshikilia turubai ili vile vidogo visilegee. Kwa wale wa mashavu mambo ni tofauti, wengi wao nanga zinaingia kwenye nyama kwelikweli.

7. Hizo kulabu ni mfupa?

Hapana, mnyoo hana mfupa wala hana gamba la kamba. Ni protini ngumu inayofanana na ile ya kucha na kwato, imeshikanishwa na salfa. Ndio maana mnyoo akioza, kulabu zinabaki. Nshawahi kukuta slaidi ya zamani mnyoo mwenyewe kayeyuka kabisa, zimebaki nanga nne na vindoano vimetawanyika kama sindano zilizomwagika sakafuni.

8. Na vibano vinafanya kazi vipi?

Fikiria kibanio cha nguo, lakini kidogo kiasi cha kubana kijani kimoja au viwili vya shavu. Shavu la samaki ukilitazama karibu lina upinde, kwenye upinde kuna nyuzi nyekundu, na kila uzi una vijani vyembamba vimepangwa pande mbili kama kurasa. Kibano kinafunga juu ya hizo kurasa. Ndani kina vijiti vigumu vilivyopinda vinavyofanya fremu, na misuli ndiyo inayofunga taya. Wengine wana vibano vinane tu, jozi nne, wengine kama ukoo wa Microcotyle wana kadhaa wa kadhaa, na wanaviongeza jozi baada ya jozi kadiri wanavyokua.

Hawa wa vibano wakishatulia mahali hawapendi kuhama. Kama una nguru mbichi wa asubuhi, fungua shavu, tafuta kitu cha rangi ya kahawia chenye mkia kama msumeno kati ya nyuzi. Rangi ile ni damu ya samaki iliyokwishaliwa.

9. Kuna wanaoshika kwa kunyonya tu, kama pweza?

Wapo, na mie hao ndio nawapenda zaidi, swali la 12 nimewaeleza kirefu. Kuna pia wale wa mashavu ya chewa, ukoo wa Diplectanum, wao zaidi ya nanga wana viraka viwili vyenye safu za vipande vidogo vidogo vigumu, kimoja juu kimoja chini ya hapta, vinakwaruza kama msasa ili mnyoo aliyejipachika kati ya nyuzi mbili asiteleze.

10. Upande wa kichwa hana cha kushikia?

Anacho, lakini huko anatumia gundi. Kuna tezi zinatoa ute unaonata sehemu za kichwani, anagandisha, na akitaka kuachia anaachia papo hapo. Gundi ya kushika ndani ya maji, juu ya ngozi yenye utelezi, halafu uiachie kwa hiari yako, hebu mtafute fundi wa boti umuulize kama anayo.

## Misuli

11. Misuli ya mwili wake imepangwaje?

Kwa tabaka, chini ya ngozi. Kuna ya mviringo inayozunguka mwili kama pete, kuna ya urefu kutoka kichwani hadi mkiani, na kuna ya mshazari inayokatana kama wavu wa jarife. Juu ya hayo kuna nyuzi zinazotoka mgongoni hadi tumboni, hizo zinamfanya awe bapa. Pete zikikaza anakuwa mrefu mwembamba, ya urefu ikikaza anafupika, ya mshazari inamsokota bila kukunjika vibaya.

Hana mifupa ya kuvuta dhidi yake, kwa hivyo anavuta dhidi ya ujiuji wa mwili wake mwenyewe uliojazana ndani, kama vile puto la maji ukilibana hapa linavimba pale.

12. Sasa nanga inavutwaje? Kuna kamba?

Kuna kano, ndiyo, na hapa ndipo pazuri.

Kuna mnyoo anaitwa Entobdella soleae, anakaa upande wa chini wa samaki bapa wa Ulaya anayejizika mchangani. Mwingereza Graham Kearn alimchunguza miaka ya 1960 na akaeleza mtambo wake. Hapta yake ni sahani ya duara imelala kwenye ngozi ya samaki. Ndani ya mwili, sio ndani ya hapta, kuna misuli miwili mikubwa. Kila msuli unaishia kwa kano, kano inashuka hadi kwenye hapta, inapita kwenye ncha ya kijiti kigumu kilichosimama kama nguzo, halafu inageuka na kwenda kushikana na shina la nanga.

Aliyewahi kuona jahazi likipandisha tanga ameshaelewa. Baharia yuko chini anavuta henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kuelekea chini, henza inapita kwenye roda juu ya mlingoti, foromali, ule mti uliobeba tanga, inapanda. Huku nako msuli unavuta, kano inapita juu ya kile kijiti, shina la nanga linanyanyuka na kuinua paa la sahani. Ukingo wa sahani umebaki umelala kwenye ngozi umezibwa, kwa hivyo chini ya paa kunapatikana upungufu wa mgandamizo na sahani inanyonya. Kumbe nanga, kitu ambacho kila mtu anadhani ni cha kudunga, hapa inafanya kazi ya wenzo wa pampu! Kudunga nako kupo, ncha zinaingia kwenye ngozi, lakini mvuto wenyewe unatoka kwenye ule msuli ulioko mbali.

Mambo ya kano yako pia kwa wa vibano. Miaka ya 1950 Llewellyn, mtaalamu mwengine wa Uingereza, alionyesha kwamba kwa baadhi yao msuli uko nje ya kibano, unavuta kano, na kano ndiyo inayoleta taya pamoja.

13. Nani anaiamrisha hiyo misuli? Ana ubongo?

Ana kifundo cha neva kichwani, na kamba za neva zinateremka hadi mkiani, na hapta imetandazwa neva nyingi kwelikweli. Serotonini, kemikali ya neva hiyo hiyo iliyoko kwenye vichwa vyetu, kwa minyoo bapa huchangamsha misuli.

14. Wanahamahama au wakikaa wamekaa?

Wa vibano wamekaa, nimesema swali la 8. Wa ngozi wanatembea, na mwendo wao ni kama wa ruba: anagandisha kichwa kwa gundi, anaachia mkia, anaukunja mwili hadi mkia ukaribie kichwa, anashika kwa mkia, anaachia kichwa, ananyooka. Gyrodactylus anaweza kuhama samaki mmoja kwenda mwengine wakigusana tu, ndio maana ukijaza bwawa kupita kiasi unawarahisishia.

15. Samaki akifa minyoo wanabaki hapo hapo?

Hapa nina aibu yangu ya kusimulia. Mwanzo wa kazi hii nilinunua vichwa vya chewa saa saba mchana, havijatiwa barafu, nikavitia mfukoni, nikaingia ferry ya Likoni, foleni siku hiyo usiseme, nikafika nimechelewa. Nikapasua mashavu, nikaosha, nikatazama: hakuna kitu. Nikaandika sifuri kwenye daftari, chewa wanne wote sifuri. Wakati wa kutupa mfuko nikaona maji ya chini yana vumbi jeupe, nikayamimina kwenye sahani ya kioo, ewe Mola, minyoo wote wako pale, nanga zao nzima, ncha kali, hazijavunjika hata moja. Misuli ilikuwa imekufa, basi kulabu zikateleza zenyewe.

Tangu siku ile mashavu yanaingia kwenye chupa hapo hapo sokoni, na maji ya mfuko simwagi.

## Kwenye hadubini

16. Nizitazameje kulabu?

Mnyoo mmoja, tone la maji kwenye slaidi, kioo cha juu, halafu vuta maji kwa kipande cha karatasi taratibu hadi kioo kimbane awe bapa kabisa. Kulabu zitalala upande na utazipima vizuri. Ukitaka akae muda mrefu weka gliserini. Kosa la kila mwanafunzi ni maji mengi, mnyoo anaelea, nanga zimesimama wima, anazipima fupi kuliko zilivyo halafu anakuja kuniambia kapata aina mpya.

17. Na misuli?

Misuli kwa njia hiyo huioni sawasawa. Maabara zenye uwezo zinatumia faloidini, sumu inayotoka kwenye uyoga wa kuua, inashikana na nyuzi za misuli, na ikiunganishwa na rangi inayong'aa unaweka kwenye hadubini ya leza, misuli yote inawaka kama taa za Moi Avenue usiku. Usiiguse kwa mikono mitupu.

Lakini kama huna leza usikate tamaa, mtazame akiwa hai. Mweke na uzi mmoja wa shavu kwenye sahani ndogo, maji yale yale aliyotoka nayo samaki, mwanga mdogo. Atanyooka hadi awe mara mbili ya urefu wake, atapunga kichwa kushoto kulia, halafu ghafla anajivuta wote mkiani, na hapo ndipo utaziona nanga zikigeuka pamoja na uzi wa shavu ukitikisika kidogo.

## Samaki wangu na tiba

18. Samaki anaumia? Na kwa nini wanasema nimtie maji matamu?

Wachache hawamdhuru sana. Wakizidi, pale wanaposhika panachubuka, ute unakuwa mwingi, mashavu yanavimba na samaki anakosa hewa, utamkuta juu juu ya maji anapumua haraka, au anajisugua kwenye wavu. Vidonda vile vinafungulia mlango bakteria.

Kwa samaki wa baharini, maji matamu ni dawa ya kale na bado inafanya kazi kwa wale wakubwa wa ngozi. Maji yanaingia mwilini mwa mnyoo, anavimba, anageuka mweupe kama kipande cha nazi na kuachia. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10, joto la maji liwe sawa, hewa ipulizwe, na usiondoke hapo ukaenda kunywa chai, ukiona samaki analala ubavu mtoe. Wa vibano ndani ya mashavu ni wagumu zaidi kwa njia hii.

Tilapia ni kinyume, yeye ni wa maji matamu kwa hivyo anaogeshwa maji ya chumvi.

19. Nimeosha, baada ya wiki mbili wamerudi. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ni mayai. Ganda lake ni gumu, na mengi yana nyuzi ndefu zinazonasa kwenye wavu na kwenye kila kitu, na maji matamu hayayafanyi kitu. Lazima urudie kabla waliozaliwa upya hawajaanza kutaga, na joto la huku kwetu linawakuza haraka. Wavu nao uutoe, uusugue, uuanike juani hadi ukauke kabisa.

20. Prazikwanteli, ile dawa ya minyoo, inawafanya nini?

Inalenga misuli hiyo hiyo. Inafanya kalsiamu imiminike ndani ya seli, misuli inakaza kwa mpigo na haiwezi tena kulegea, mnyoo anajikunja na kupoteza kushika. Mtu ataona ajabu, misuli imekaza mbona ameachia? Kushika sio kukaza tu, ni kukaza huu na kulegeza ule kwa zamu, ukikaza yote pamoja ni kama mabaharia wote kuvuta kila kamba kwa wakati mmoja. Kipimo muulize daktari wa mifugo, mie hapa sitoi kipimo.

## Visa vya ajabu

21. Mnyoo wangu amepinda upande mmoja, ni mgonjwa?

Pengine yuko salama. Baadhi ya wa vibano, hasa kwa jamaa za nguru na kolekole, wana vibano vingi upande mmoja kuliko mwengine, au hapta imekaa mshazari, ili mwili ufuate mkondo wa maji wakati mkia umebana.

22. Na samaki anayeitwa taa je? Hana magamba kama samaki wengine.

Taa ana wa kwake, ukoo wa Monocotyle. Hapta yao ni sahani iliyogawanywa vyumba vyumba kwa kuta za misuli, chumba kimoja kikipoteza mvuto vyengine bado vimeshika.

23. Ni kweli kuna wanaoungana wakawa mmoja?

Kweli. Diplozoon paradoxum, alielezwa na Nordmann mwaka 1832, anakaa mashavuni mwa samaki wa maji matamu wa Ulaya. Wawili wachanga wanakutana, kila mmoja anashika kinundu cha mgongoni mwa mwenzake, halafu miili inaungana kwa umbo la X hadi kufa. Talaka hakuna.

24. Na mnyoo mwenye mtoto mwenye mtoto tumboni?

Huyo ni Gyrodactylus. Hatagi, anazaa, na ndani ya mtoto ambaye hajazaliwa tayari kuna mtoto mwengine anakua. Mtoto anatoka karibu sawa na mama, nanga zake zimekamilika, anashika pale pale. Ndio maana idadi inapanda kwa kasi ya kutisha. Gyrodactylus salaris alipoingia Norwei miaka ya 1970 alimaliza salmoni kwenye mito mingi, hadi wakafikia kutia sumu ya rotenoni kwenye mito mizima waue samaki wote ili mnyoo akose pa kukaa.

25. Wako kwa samaki peke yake?

Wengi ndiyo. Wapo wa kwenye kibofu cha chura, na hata tilapia ana kundi moja, Enterogyrus, lililoacha mashavu likaingia tumboni. Lakini aliyenishangaza mie ni Oculotrema hippopotami, aliyepewa jina mwaka 1924. Huyo ana vikombe sita vya kunyonya, na anakaa kwenye jicho la kiboko. Kiboko anazama, anaibuka, anapepesa, anapigana na mwenzake matope yanaruka, na mnyoo yuko pale pale kwenye jicho, ameshika.